Dawa ya macho ya babu si ya paka

Paka wetu anaitwa Kijivu, ingawa ni mweupe pe. Jina alipewa na mpwa wangu wa miaka saba na hakuna aliyethubutu kumbishia. Mwezi uliopita aliamka jicho la kushoto limefumba, matongotongo ya njano yameganda kwenye kope. Mama hakusubiri. Alifungua kabati la dawa, akatoa kichupa cha matone alichobakiza babu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, akamdondoshea.

“Jicho ni jicho tu,” alisema.

Siku ya tatu jicho lilikuwa limeingia ukungu. Tulimtia Kijivu kwenye kapu na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye kabla ya yote aliuliza kama tumemwekea chochote. Mama akatoa kichupa mkobani. Daktari akasoma lebo, akatikisa kichwa. Mojawapo ya dawa zilizomo ilikuwa deksamethasoni.

Hii ni dawa ya jamii ya steroidi. Hupunguza uvimbe na wekundu, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa baada ya upasuaji wa jicho. Lakini kama kioo cha mbele cha jicho kina mkwaruzo, steroidi huchelewesha kupona na kudhoofisha kinga ya mahali pale. Kidonda kidogo kinaweza kuchimba hadi jicho likatoboka. Kijivu alikuwa amekwaruzwa, pengine alipigana usiku.

Daktari alijuaje? Alidondosha rangi ya chungwa iitwayo fluoreseini, akapunguza mwanga chumbani na kummulika kwa taa ya buluu. Palipokuwa na kidonda pakang’aa kijani. Mpwa wangu alidhani ni mazingaombwe. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi ambavyo sisi nyumbani tusingeweza kukiona. Jicho jekundu linalotoa machozi linaweza kuwa na mkwaruzo, mafua ya paka, punje ya mchanga au presha ya jicho, na kwa macho yetu yote hayo yanafanana.

Tulirudi na matone ya antibiotiki, mara nne kwa siku. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Siku ya kwanza tulikuwa watu wanne na tukaambulia mikwaruzo. Siku ya nne nilimudu peke yangu.

Kwanza nawa mikono kwa sabuni, kisha futa matongotongo kwa pamba safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mfunge paka kwa taulo au kanga, kichwa tu kibaki nje, halafu mpakate mgongo wake ukiwa kifuani kwako. Paka akiogopa hurudi nyuma, na nyuma ndipo ulipo wewe. Inua kidevu chake kidogo. Kichupa kije kutoka nyuma ya kichwa, kisipite mbele ya uso, na kiganja chako kiegemee juu ya kichwa ili akitikisika mkono utikisike naye. Dondosha tone moja. Linatosha, jicho halina nafasi ya zaidi. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala manyoya, la sivyo utaingiza vijidudu kwenye dawa yote.

Ukiwa umepewa na dawa ya kupaka, tanguliza matone, subiri dakika tano, kisha vuta kope ya chini na uweke kiasi cha punje ya mchele. Mbwa hufanyiwa vivyo hivyo, ila mkubwa huhitaji mtu wa pili wa kumshika.

Watoto wasishike mnyama. Mpwa wangu alipewa kazi ya kutoa dagaa mara tu dawa inapoingia, na nadhani ndicho kilichomfanya Kijivu atuvumilie. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Msisitizo wa daktari ulikuwa tusiache dawa jicho likifunguka, maana kidonda huchukua muda zaidi kufunga. Alimvalisha pia kola ya plastiki asijikune. Na jicho likiwa limefumba kabisa, lina ukungu au limetokeza nje, alisema, usingoje kesho.

Baada ya wiki alimpima tena kwa ile rangi, na hapakuwa na kijani. Kichupa kilikuwa bado na nusu. Mama alikishika kwenye mwanga, akakitikisa, akakiweka kabatini palepale pa kile cha babu. Nilingoja aingie jikoni, nikakitoa.