Kuzima Makatizo Hakumzuii Kila Anayebisha

Wanaoanza kuandika viendeshi huniuliza swali moja kwa maneno yaleyale: "Nimezima makatizo, mbona msimbo wangu bado unakatizwa?" Nikilijibu leo, kesho linarudi, maana nyuma yake kuna dawa moja inayouzwa kama tiba ya kila ugonjwa: andika cli mwanzoni, andika sti mwishoni, na hakuna kitakachokuingilia. Dawa hiyo haitibu kinachodaiwa.

Kwenye prosesa za x86, cli hufuta biti moja tu, IF. Biti hiyo ikiwa sifuri, prosesa haipokei makatizo ya kawaida yanayotoka nje: ya kadi ya mtandao, ya diski, ya saa. Basi. Eksepsheni hazitoki nje. Zinazaliwa na amri yenyewe inayotekelezwa: umegawanya kwa sifuri, umetumia anwani batili, umegusa ukurasa ambao haumo kwenye kumbukumbu. Hitilafu ya ukurasa haiwezi kuambiwa isubiri, kwa sababu amri iliyoileta haiwezi kukamilika mpaka ishughulikiwe. IF haina neno hapo.

Sasa tazama madhara. Kijana amezima makatizo, kisha anaita copy_from_user kunakili data ya programu ya mtumiaji. Ukurasa haupo. Keneli inaingia kwenye msimbo wa hitilafu ya ukurasa, inaona data iko diskini, inalazimika kusubiri. Kusubiri ni kuiachia prosesa kazi nyingine, na kazi hiyo itaendelea makatizo yakiwa yamewashwa. Eneo alilodhani amelifunga limeachwa wazi, wala hakuna mstari hata mmoja wa msimbo wake ulioyawasha makatizo. Kisha ananiletea ujumbe wa keneli unaolalamika kwamba kuna anayelala mahali pasiporuhusiwa kulala, ananiuliza kama kompyuta yake ni mbovu. Kompyuta ni nzima!

Anayebisha bado na asome kilichotangazwa Mei 2018 kwa namba CVE-2018-8897. Prosesa za x86 zina kanuni ya zamani: baada ya amri inayobadilisha rejista ya SS, eksepsheni ya utatuzi iliyosababishwa na amri hiyo husubiri mpaka amri inayofuata imalizike. Je, inayofuata ikiwa ndiyo inayoingia kwenye keneli, kama syscall? Eksepsheni inalipuka ndani ya keneli, kabla keneli haijatekeleza hata amri yake ya kwanza, ingawa makatizo ya kawaida yamekwisha kuzimwa katika kuingia huko. Windows, macOS, Linux na FreeBSD zote ziliguswa, kwa viwango tofauti vya hatari. Waandishi wa mifumo hiyo si wageni wa kazi hii. Walielewa vibaya miongozo ya prosesa kuhusu wakati ambao eksepsheni hiyo ingefika.

Kuna pia NMI, katizo ambalo kwa muundo wake IF haiwezi kulizuia. Prosesa yenyewe huzuia NMI ya pili isiingie juu ya ya kwanza, lakini kizuizi hicho huondolewa na amri ya iret, yoyote ile. Ikitokea hitilafu ya ukurasa ndani ya NMI, nayo ikarudi kwa iret, mlango umefunguka ilhali NMI ya kwanza haijaisha. Ya pili inaanzia pale pale kwenye staki ileile na kufuta anwani ambayo ya kwanza iliihitaji ili kurudi. Linux ilipata suluhisho mwaka 2012, kazi ya Steven Rostedt: msimbo wa kuingilia hukagua kama tayari kuna NMI inayoendelea, na ikiwa ipo, huacha alama ili kazi irudiwe ya kwanza ikiisha. Intel imeleta utaratibu mpya uitwao FRED, ambamo kurudi kutoka kwenye eksepsheni ya kawaida hakufungui tena mlango wa NMI. Linux ilianza kuutumia katika toleo la 6.9, mwaka 2024.

Kinyume na wengi wanavyodhani, makatizo ya kawaida ya maunzi ndiyo yasiyopandana, yaani kuingia moja juu ya jingine, kwenye Linux. Tangu toleo la 2.6.35, mwaka 2010, keneli huendesha vishughulikiaji vyake makatizo yakiwa yamezimwa, maana kupandana kulitishia kujaza staki.

Ufanye nini basi? Data inayoguswa na kishughulikiaji cha katizo, ilinde kwa kufuli la spin_lock_irqsave, si kwa cli tupu: cli hunyamazisha kiini kimoja tu cha prosesa, na vingine vinaendelea kuichezea data yako. Ndani ya kufuli hilo usiguse kumbukumbu ya mtumiaji. Nakili kwanza, funga baadaye. Kazi ndefu ipeleke kwenye uzi wake kwa request_threaded_irq. Data inayosomwa na NMI usiilinde kwa kufuli la kawaida, kwani NMI ikikuta kiini chake chenyewe ndicho kimelishika, itasubiri milele; tumia miundo isiyohitaji kufuli. Na kwenye keneli ya PREEMPT_RT, ile ya muda halisi, kumbuka kwamba spin_lock_irqsave haizimi makatizo kabisa. Anayehitaji yazimwe kweli atumie raw_spin_lock_irqsave, kwa mistari michache iwezekanavyo.