Mafuta Yanayopotea Bila Dereva Kujua

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, madereva wa Tanzania husubiri mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, itangaze bei kikomo za mafuta. Bei hizo hawana uwezo nazo. Lakini mguu wa kulia unaokanyaga mafuta ni wao wenyewe.

Katika foleni za Dar es Salaam, injini ya gari dogo inayounguruma bila kutembea inaweza kula nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa ulaji unapanda. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu kisha kufunga breki mita 30 mbele anachoma pesa mara mbili, maana breki huugeuza mwendo aliokwisha kuulipia kuwa joto.

Kosa kubwa zaidi liko mteremkoni. Wapo wanaoweka gia huru wakishuka Kitonga, mkoani Iringa, wakiamini wanaokoa. Hilo lilikuwa na maana zama za kabureta. Injini za sasa hukata mafuta zenyewe dereva akiachia pedali gari likiwa kwenye gia. Kwenye gia huru huendelea kunywa ili zisizimike. Tena breki zinabaki peke yake kubeba uzito wote, jambo la hatari kweli kwenye kona zile.

Barabara kuu nayo ina hesabu yake: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Keria tupu juu ya paa huuzidisha.

Upepo wa matairi nao huathiri ulaji: upimwe yakiwa baridi, asubuhi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.