Kolwezi: Namna ya kufunga mikro kwenye fimbo ili maneno ya watu yasipotee

Video nyingi zinazopigwa Kolwezi zina picha safi, lakini maneno hayasikiki. Mama anaeleza namna ukuta wa nyumba yake ulipasuka sababu ya shimo lililochimbwa katika parsele ya jirani. Kiisha lori la madini linapita, na sehemu yenye maana inapotea. Picha ikiwa mbaya, mtu anaweza bado kufuata. Sauti ikiharibika, ushahidi umekufa.

Jambo hilo ni zito katika mtaa kama Kasulo. Huko, tangu 2014, watu walianza kuchimba kobalti ndani ya parsele zao, na kuanzia 2017 familia zingine zikahamishwa. Kwa mambo ya namna hiyo, neno moja lisilosikika vizuri linaweza kuleta mabishano.

Shida si kamera. Shida ni umbali. Mikro iliyo ndani ya simu au kamera iko mbali na kinywa cha anayesema. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali huo nusu, nguvu ya sauti inayofika kwenye mikro inaongezeka karibu mara nne. Makelele ya jenereta na pikipiki yanabaki vilevile. Ndiyo sababu watu wa sinema wanafunga mikro kwenye fimbo ndefu, ile inayoitwa pershi: mikro inakaribia mtu, lakini haionekani kwenye picha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1929, kule Hollywood, mwongoza filamu Dorothy Arzner alifungisha mikro kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili mwigizaji wake Clara Bow atembee bila kufungwa mahali pamoja.

Mikro inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni ya kondensa, ile ndefu inayosikia zaidi upande wa mbele. Ndani yake kuna ngozi nyembamba sana inayotikisika mbele ya bamba la chuma. Ni nyepesi na inasikia hata sauti ndogo, lakini inahitaji umeme. Mara nyingi ni volti 48 zinazotoka kwenye rekoda au kamera na kupita ndani ya kable yenye pini tatu. Zingine zinatumia batri ndogo. Simu haitoi zile volti 48. Mwenye simu atafute mikro yenye batri na adapta inayofaa, ao arekodi sauti kwenye rekoda kando. Akirekodi kando, apige makofi mara moja mbele ya kamera, ili baadaye sauti na picha zipatane.

Kufunga kwenyewe kunaenda hivi. Mikro haigusi fimbo moja kwa moja, sababu kila mkono unapotembea kwenye fimbo, mlio unapanda mpaka ndani ya mikro. Inaning'inizwa kwenye kishikio chenye elastiki. Asiye na kishikio cha duka anaweza kukata vipande vya mpira wa ndani wa kinga na kuvivuta ndani ya pete ya plastiki, mikro ikae katikati bila kugusa pete. Kisha kable inazungushwa kwenye fimbo mara chache na kufungwa na skochi. Karibu na mikro, iachwe ilegee kidogo. Ikivutika sana, inarudisha ule mtikisiko ambao elastiki ilizuia. Ikining'inia, itapigapiga fimbo.

Halafu upepo. Wakati wa kiangazi, Mei mpaka Septemba, upepo wa Kolwezi unabeba vumbi, na sponji peke yake haitoshi inje. Inafaa kifuniko chenye manyoya. Wakati wa mvua, mikro ya kondensa haipendi unyevu: ikimaliza kazi, ipanguswe na kuwekwa mahali pakavu.

Mshika fimbo anaweka mikro juu ya kichwa cha anayesema, mbele kidogo, umbali wa sentimita 30 mpaka 50, ikielekea kinywa na kifua. Kutoka juu, mikro inaangalia chini, haiangalii barabara. Mikono inapanuka kadiri ya mabega, pete na saa zinatolewa, na vidole havitelezi. Kaske iko masikioni wakati wote. Bila kaske, hakuna anayejua kama kuna mlio wa jenereta mpaka afike nyumbani.

Kuna hatari moja isiyo ya mchezo. Fimbo nyingi ni za aluminiamu ao kaboni, na zote mbili zinapitisha umeme. Katika mitaa mingi nyaya zinapita chini, na Kolwezi ndipo inafika ile laini kubwa inayotoka Inga, yenye urefu wa kilomita karibu 1.700. Fimbo haiinuliwi chini ya nyaya, wala wakati radi inalia.

Mwishoni, kuna heshima kwa mtu mwenyewe. Fimbo juu ya kichwa inaogopesha, na watu wote wa barabarani wanaiona. Kwanza aelezwe: « Mama, hii iko kwa kusikia tu, haitakugusa. » Anayeogopa kuonekana akisema juu ya shimo ao mgodi, arekodiwe ndani ya nyumba, bila fimbo inje.

Kabla ya mazungumzo, irekodiwe sekunde kumi na isikilizwe palepale. Kisha mazungumzo yakiisha, isikilizwe tena mbele ya mwenye kusema kabla hajaenda. Kama lori lilifunika neno, bado anaweza kulirudilia.