MAELEZO KUHUSU KUPIMA KASI YA INTANETI MAJUMBANI NA KUTAFUTA CHANZO CHA UDHAIFU WAKE

Wakazi wa Rutamba na wa maeneo mengine ya Lindi na Kilwa, pamoja na watumishi wa umma wanaofanya kazi humo, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini, kwani yanahusu jambo ambalo karibu kila mwenye simu au kompyuta nyumbani hulilalamikia, lakini ni wachache wanaolipima. Malalamiko ya intaneti kwa kawaida hutolewa kwa maneno mawili tu: "mtandao unasumbua". Maneno hayo huwa ni ya kweli, ila hayamsaidii fundi. Hayaelezi kama udhaifu umo ndani ya nyumba ya mlalamikaji, uko mnarani, au uko mbali zaidi ya hapo. Na fundi asiyejua aanzie wapi huanzia popote, au haanzi kabisa.

Ni vyema ikaeleweka kwamba intaneti ya nyumbani imekwisha kuwa chombo cha kazi. Mtumishi wa umma hujaza taarifa za utendaji wake katika mfumo wa PEPMIS, ulioshika nafasi ya fomu za OPRAS. Fundi au mfanyabiashara mdogo anayetaka zabuni ya Serikali hupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia hiyo hiyo, na tangu mwaka 2024 minada ya ufuta na korosho ya mikoa ya kusini imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Fomu isiyofika kabla ya muda kwisha huhesabiwa kuwa haikuletwa, hata kama mwenyewe alikesha akiituma.

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali vifurushi huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Vipimo hivi viwili hufanana kwa jina na kuwachanganya wengi. Baiti moja ni biti 8. Hivyo basi mtu mwenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hupokea megabaiti 1 tu kwa kila sekunde. Anayedai ameuziwa "8" na kupewa "1" hajadhulumiwa, amesoma vipimo viwili tofauti.

Kipimo kamili hutoa tarakimu tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakua, yaani ya kupokea vitu kutoka nje. Ya pili ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma. Ya tatu ni muda wa mwitikio, yaani muda unaopita kati ya kuuliza na kujibiwa, unaohesabiwa kwa milisekunde. Watu wengi hutazama ile ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo inayotangazwa. Kwa mtumishi anayetuma nyaraka, tarakimu ya pili ina uzito zaidi. Tuseme mwalimu ana nyaraka zilizopigwa picha zenye ukubwa wa megabaiti 10, na kasi yake ya kupakia ni nusu megabiti kwa sekunde. Megabaiti 10 ni megabiti 80, na kwa kasi hiyo kazi itachukua sekunde 160, yaani dakika 2 na sekunde 40. Mfumo usiostahimili kungoja kiasi hicho utamkatalia kila mara, naye atadhani nenosiri lake limeharibika. Akipunguza ukubwa wa picha hizo hadi megabaiti 2, atamaliza kwa sekunde 32.

Kuhusu muda wa mwitikio, wazee wa kazi watakumbuka enzi za satelaiti. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, mawasiliano mengi ya intaneti ya Tanzania na nchi za nje yalipitia satelaiti zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa takriban kilomita 36,000. Swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, jumla kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla jambo lolote halijafanyika. Leo, kwa njia ya mnara wa 4G wenye nafasi, jibu kutoka seva ya Dar es Salaam huweza kurudi kwa makumi machache ya milisekunde. Likichukua milisekunde mia kadhaa, mazungumzo ya sauti yataanza kugongana, kila mtu akidhani mwenzake amenyamaza.

Programu za kupimia zipo nyingi na nyingi kati yake ni za bure, kama vile Speedtest ya kampuni ya Ookla na Fast ya kampuni ya Netflix. Zote hufanya kazi kwa namna inayokaribiana: simu huomba data nyingi kutoka seva kwa sekunde chache, huhesabu kiasi kilichofika, kisha hutuma na kuhesabu tena. Hapa pana tahadhari ambayo programu zenyewe hazipendi kuitaja. Data hiyo hukatwa katika kifurushi cha mpimaji. Mwenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, akipima upakuaji kwa sekunde 15, ametumia megabaiti 37 na nusu, kabla ya kuhesabu upakiaji. Mwenye kifurushi kidogo asipime mara kumi kwa hasira. Mara tatu kwa siku, kwa utaratibu, zinatosha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, pima ukiwa umesimama karibu na ruta, yaani kile kisanduku kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba, au kama ruta ina tundu la waya, unganisha kompyuta kwa waya. Zima waifai katika vifaa vingine vyote. Simu zilizolala mezani huendelea kufanya kazi: hupakia picha, husasisha programu, huhifadhi mazungumzo ya WhatsApp, na mwenye nyumba hajui. Anayetumia VPN aizime wakati wa kupima, kwa kuwa hupitisha mawasiliano katika nchi nyingine na kuharibu hesabu. (Anayeitumia kwa kazi akumbuke pia kwamba mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kwake.) Baada ya hapo, hamia chumba unachofanyia kazi na upime tena.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo yenye kufundisha. Ikiwa karibu na ruta unapata megabiti 18 na chumbani unapata 3, mnara hauna kosa. Ugonjwa umo ndani ya nyumba. Mawimbi ya waifai hupungua nguvu kila yanapopenya ukuta, na hupungua zaidi yanapokutana na chuma, maji, au ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za Kilwa na Lindi. Ruta iliyofungiwa kabatini, iliyowekwa nyuma ya jokofu, au iliyotundikwa chini kabisa ya dari la bati, inafanya kazi huku imefungwa mikono. Iwekwe juu ya meza, mahali pa wazi, katikati ya nyumba ikiwezekana. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya namna mbili: yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hubeba kidogo. Yale ya gigahezi 5 hubeba zaidi lakini huchoka mapema. Mwenye kufanya kazi chumba cha pili ajaribu yote mawili. Aidha, nenosiri la ruta lililokuja kutoka kiwandani libadilishwe, kwani jirani mwema naye hupenda kutazama mpira.

Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni ndogo, tazama sasa mawasiliano kati ya nyumba na mnara, maana kwa walio wengi katika maeneo yetu ruta hiyo ina laini ya simu ndani yake, au simu yenyewe ndiyo ruta. Rutamba ina vilima, ina ziwa na ina misitu. Mawimbi ya mnara hayapandi kilima kwa urahisi, na nyumba iliyo bondeni huweza kupata hafifu ilhali iliyo juu yake, hatua mia mbili tu, inapata vyema. Wenzetu wa Songo Songo na Kilwa Kisiwani wana shida ya aina nyingine: juu ya maji hakuna kilima cha kuzuia, kinachopunguza nguvu ni umbali.

Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu havitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu huvihesabu kwa njia yake. Katika mipangilio ya simu nyingi, sehemu ya taarifa za laini, imeandikwa nguvu ya mawimbi kwa tarakimu yenye alama ya kutoa. Kwa 4G, tarakimu inayokaribia −85 ni nzuri, na iliyoshuka hadi −110 au zaidi ni dhaifu. Tembea nayo kutoka dirisha moja hadi jingine, ukingoja dakika moja kila mahali, uone inavyobadilika. Dirisha linalotazama mnara, lisilo na wavu wa chuma, mara nyingi ndilo mahali pa kuweka ruta, hata kama haliko katikati ya nyumba. Katika hali hiyo nguvu ya mnara itangulie, waifai ifuate. Angalia pia kama simu imewekwa kutumia 4G. Kadi ya laini iliyotolewa miaka mingi iliyopita huenda haina uwezo huo, na itabidi ibadilishwe kwa wakala wa kampuni husika. Usisahau kuangalia kifurushi chenyewe, kwa sababu vipo vinavyopunguzwa kasi baada ya kiasi fulani kutumika.

Iwapo mawimbi ni mazuri na kasi bado ni ndogo, lipo jambo moja linalobaki hapa karibu, nalo ni msongamano. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Hili hugunduliwa kwa daftari tu. Pima saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 2 usiku, kwa siku saba, mahali pale pale, kwa simu ile ile. Ukikuta alfajiri megabiti 14, mchana 6 na usiku moja na kidogo, huo ni msongamano, na hakuna ruta mpya ya kuuponya. Ukikuta kasi imeanguka wakati wa mvua kubwa au umeme ulipokatika, andika hivyo kando ya tarakimu, kwani minara huunganishwa kwa mawimbi yanayoweza kudhoofishwa na mvua, na betri zake zina kikomo. Kwa mtumishi mwenye fomu ya kutuma, daftari hilo lina faida ya papo kwa papo: litamwonyesha saa ya kutumia. Kuamka alfajiri kwa ajili ya mfumo wa kompyuta si jambo la kujivunia, lakini ni afadhali kuliko kukosa tarehe.

Liko jambo jingine linalotoka mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Mwezi Februari mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, hivyo njia za akiba zilikuwa chache. Kwa wakazi wa kusini pigo hilo lilikuja siku chache tu baada ya Kimbunga Hidaya na mvua zake kukata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Barabara ilikatika, kisha na mtandao. Wengi walizima na kuwasha ruta siku nzima, na wengine wakanunua vifurushi vipya, fedha iliyokwenda bure.

Kuitambua hali ya namna hiyo hakuhitaji utaalamu. Programu nyingi za kupimia humruhusu mpimaji kuchagua seva. Pima kwanza kwa seva iliyoko Dar es Salaam, kisha kwa seva iliyoko Ulaya au Afrika Kusini. Ikiwa ya Dar es Salaam inajibu vyema na za nje zimekufa, nyumba yako ni salama na mnara wako ni salama. Kinachosubiriwa ni meli ya matengenezo. Mifumo ya Serikali ambayo seva zake ziko nchini huenda ikaendelea kufunguka, na ndiyo sababu ni busara kuijaribu kabla ya kukata tamaa kwa kuwa WhatsApp haifunguki.

Anayekusudia kulalamika aanze kwa kampuni inayomhudumia, na adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika, ana haki ya kulifikisha TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili ya kutetea watumiaji. Lalamiko liwe na jina la kijiji na kitongoji, aina ya simu au ruta, kifurushi kilichonunuliwa, nguvu ya mawimbi, na vipimo vya siku saba vikiwa na saa zake, vyote vitatu: kupakua, kupakia na mwitikio. Majirani watano waliopima kwa wiki ile ile waandike barua moja, waambatishe madaftari yao, na nakala ibaki kwao.