Maji Moto, Mlinzi wa Mnazi

Katika mashamba ya Junju, upande wa Kilifi, wakwezi wa minazi wamjua vyema chungu mwekundu aitwaye maji moto. Jina lake ladhihirisha uchungu wa meno yake, na aumwapo mkwezi hutamani kukitia moto kiota chake. Lakini ewe mkulima, ngoja kwanza.

Mti humpa chungu huyu makao, maana huyashona majani mabichi kwa nyuzi za hariri zitokazo kwa mabuu wake. Naye huulipa mti kwa ulinzi. Yuko kunguni mmoja afyonzaye vidaka, navyo hupukutika. Huyo huyo huharibu hata korosho changa. Uchunguzi uliofanywa Unguja katika miaka ya 1950 ulionyesha ya kuwa minazi ikaliwayo na maji moto huokoka na hasara hiyo. Huko Uchina, wenye michungwa waliwatumia jamaa zake tangu yapata mwaka 304.

Basi viota visichomwe. Bali miti iunganishwe kwa kamba, walinzi hawa wapate njia. Uchungu wa mkwezi hupoa siku ile ile, lakini kidaka kikianguka, mwenzake atakaye kuwa nazi hungojewa karibu mwaka mzima.