Programu ya Muziki kwa Studio ya Nyumbani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na joto la Bujumbura linapoanza kupungua, katika baadhi ya nyumba za Buyenzi, Bwiza na Kamenge husikika mdundo usiotoka redioni. Ni kijana wa nyumbani aliyeketi mbele ya kompyuta, anatunga. Punde wazazi huombwa fedha, na swali huzuka: kati ya programu nyingi za kutengenezea muziki, ipi inafaa?

Swali hilo lina uzito wake. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilinaswa kwa mitambo ya Wafaransa na kutolewa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alichukua kipande cha mdundo huo akakizungusha tena na tena katika wimbo wake uitwao "The Jungle Line". Dunia ikaisikia Burundi, lakini kanda ilikuwa mikononi mwa wengine. Leo kijana wa Bujumbura aweza kunasa sauti ya kwao na kuimiliki, mradi achague kwa busara.

Kazi Kwanza, Programu Baadaye

Jambo la kwanza ni kujua kinachotakiwa kunaswa. Kwa yule anayetunga midundo ya kisasa kwa kupanga sauti zilizo tayari, FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, hurahisisha kazi, kwani mdundo hupangwa kwa kujaza visanduku kwenye kioo cha kompyuta.

Lakini ngoma za jadi hazipigwi kwa visanduku. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata uongozi wa inkiranya, ngoma ya katikati. Mwendo huo hupumua pamoja na wapigaji. Ni afadhali unaswe ukiwa hai, na kwa kazi hiyo Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, yatosha kuanzia. Mwenye kutaka kurekodi sauti nyingi na kuzichanganya kwa undani zaidi huhitaji programu kama Reaper au Ardour.

Inanga ni mtihani mkubwa zaidi. Mpigaji wake hunong'ona badala ya kuimba, na nyuzi ndizo zinazoupa mnong'ono sauti yake ya juu na chini. Hakuna programu itakayorudisha mnong'ono uliofunikwa na mvua juu ya bati. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hufanya vema kuzielekeza kwanza kwenye kipaza sauti kizuri na vipokea sauti vya masikioni, atundike mablanketi mazito ukutani kupunguza mwangwi, na kungoja saa ya utulivu.

Nguvu ya Mashine

Jambo la pili ni kompyuta yenyewe. Programu nzito juu ya mashine dhaifu hukwama katikati ya wimbo. Sauti moja ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula karibu megabaiti 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti kumi hufikia megabaiti 350 hivi.

Tena kuna ucheleweshaji, yaani mwimbaji kujisikia akiwa amechelewa. Kompyuta ikikusanya sampuli 1,024 kabla ya kuzitoa, huchelewa kwa milisekunde 21. Ikikusanya 128, huchelewa chini ya 3. Wakati wa kurekodi kiasi hicho hupunguzwa, na wakati wa kuchanganya huongezwa ili mashine ipumue.

Umeme nao haufai kusahauliwa. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni salama kuliko ile ya mezani isiyo na akiba, na programu iwekwe ijihifadhie kazi kila baada ya dakika chache.

Masharti ya Leseni

Jambo la tatu ndilo huumiza wengi. Toleo la majaribio la FL Studio huruhusu kazi kuhifadhiwa, lakini kazi hiyo haifunguki tena ipasavyo mpaka programu inunuliwe. Reaper hujaribiwa kikamilifu kwa siku 60. Leseni yake ya punguzo, kwa matumizi ya binafsi, imekuwa dola 60 za Marekani kwa muda mrefu. GarageBand hutolewa bure, ila kwa mashine za Apple tu. Malipo mengi hutakiwa kwa fedha za kigeni, hivyo ni vema familia ihakikishe njia ya kulipa kabla ya kijana kuzoea programu.

Nakala za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono huonekana rahisi. Lakini nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja chaweza kufuta kazi ya mwaka mzima. Ya bure iliyo halali ni bora kuliko ya thamani iliyoibwa.

Kinachobaki

Programu hupita, sauti hubaki. Kwa sababu hiyo, kila wimbo ukikamilika, sauti zake zihifadhiwe moja moja katika faili za WAV, ambazo takriban programu zote huzifungua, na nakala ya pili iwekwe nje ya kompyuta. Kila faili iandikwe jina la wimbo, la mwimbaji na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa familia ya askari, ambayo baba au mama hukaa miezi mingi katika kituo cha mbali, faida yake ni kubwa. Wimbo wa mtoto au hadithi ya bibi, vilivyonaswa vizuri jioni moja tulivu, vitamfikia aliye lindoni, na vitakuwapo hata siku ambayo programu iliyovinasa haikumbukwi tena na mtu.