Akili Inapovutwa Kando

Neno la Kiingereza "distraction" asili yake ni Kilatini: "dis", yaani kando au mbali, na "trahere", yaani kuvuta. Kwanza lilimaanisha kuvuta vitu vitengane, kisha likawa akili kuvutwa kando na kazi iliyo mbele yake. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa mtu aliyerukwa na akili. Madaktari wa mifupa wangali na ile maana ya kwanza: hukata mfupa mfupi, wakavuta vipande polepole, kama milimita 1 kwa siku, ili mfupa mpya uote katikati.

Katika malezi jambo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni msaada. Mtoto anapochomwa sindano ya chanjo, mpakate, mwimbie, mwonyeshe kitu cha kuchezea. Akili ikishikwa na wimbo, maumivu hupungua. Mtoto mchanga mnyonyeshe.

Sura ya pili ni hatari. Mama anamwogesha mtoto katika beseni; mara simu inalia, au mgeni anabisha hodi. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kwa muda mfupi, wala asipige kelele. Basi mtoe kwanza majini, mfunge kanga, nenda naye mlangoni. Maji ya kuogea yamwageni mara moja, na ndoo ya maji ifunikwe vizuri. Mgeni atasubiri, maji hayasubiri.